Ramani ni Haki ya Msafiri

Nchi moja huweza kuwa na ramani nyingi. Mpima ardhi ana yake, nayo huonyesha mipaka ya viwanja. Mhandisi ana yake, nayo huonyesha barabara na madaraja. Mtawala ana yake, imetundikwa ukutani nyuma ya kiti chake, nayo huonyesha mahali amri yake inapoanzia na mahali inapokoma. Katika Migori na Homa Bay yuko mtu mmoja ambaye hana ramani yake, ingawa awashinda hao wote kwa wingi na kwa haja. Naye ni msafiri asiye na gari. Insha hii yataka kumtetea mtu huyo. Nasema kwamba ana haki ya kuwekewa ubaoni, katika kila kituo, mchoro wa njia za magari na mashua, mahali awezapo kuusoma bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Nasema tena kwamba mchoro huo hauna budi kufanywa kwa namna iifaayo safari, wala si kwa namna iifaayo ofisi.

Nilikuwa na umri wa miaka 14 nilipoanza kulifikiri jambo hili, ijapokuwa siku ile nililifikiri kwa machozi. Nilitoka upande wa Kendu Bay kwenda shule ya bweni karibu na Rongo, peke yangu kwa mara ya kwanza, na sanduku la bati, na godoro lililofungwa kwa kamba, na nauli ambayo mama aliihesabu mara mbili. Homa Bay nilipanda gari nililoambiwa kuwa lafika Rongo. Tulipofika Rodi Kopany abiria wengi walishuka, na dereva, alipoona viti vitupu, akageuza gari. Sisi tuliobaki tukaambiwa tutafute gari jingine. Kabla sijafungua kinywa, utingo mmoja alikwisha kulipandisha sanduku langu juu ya gari lake. Nilimwuliza, “Hili laenda Rongo?” Akanijibu, “Ingia, kijana, twende.” Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Gari likashika njia ya Ndhiwa. Nilirudi Rodi kwa nauli ya pili, nikafika shuleni usiku, lango limefungwa. Nilipoulizwa nilikuwa nikizurura wapi sikuweza kujibu, maana mpaka saa ile sikujua Ndhiwa iko upande gani wa Rodi.

Yamkini msomaji atacheka, kisha atakumbuka kisa chake mwenyewe. Kila mtu wa huku anacho. Mmoja alipelekwa mbele ya kituo chake, mwingine alilipa nauli ya kufika mjini akashushwa njia panda, na mwingine alimsindikiza mgonjwa, akapoteza nusu ya siku akingoja gari ambalo hupita asubuhi tu. Tumezoea kuvisimulia visa hivi kama mzaha wa safari. Mimi naviona kuwa ni kodi. Ni kodi ambayo mtu hutozwa kwa kosa la kutojua, na hutozwa zaidi aliye mtoto, aliye mgeni, aliye mgonjwa na aliye maskini; kwa kuwa mwenyeji hajui tu njia, bali ajua hata jina la dereva.

Wako watakaonijibu kwa methali: kuuliza si ujinga. Nakubali. Lakini methali hiyo yamsifu mtu aulizaye. Haimsifu hata kidogo yule anayemlazimisha mwenziwe kuuliza jambo ambalo lingeweza kuandikwa. Tena, yafaa tutazame ni nani anayeulizwa. Msafiri anapomwuliza utingo swali la njia, humfunulia mambo mawili kwa mara moja: kwamba yeye ni mgeni, na kwamba ana nauli mfukoni. Utingo naye hupata riziki yake kwa kujaza viti. Basi aulizaye amemfanya mtu mwenye faida katika jibu kuwa ndiye hakimu wa jibu lenyewe.

Sisemi kwamba utingo wote ni waongo. Nimewaona wakiwabebea wazee mizigo bila ya malipo, na nimewaona wakimrudishia mama chenji aliyoisahau. Hata hivyo, mizani haikuwekwa sokoni kwa sababu kila muuza samaki ni mwizi. Iliwekwa ili mnunuzi asilazimike kujua kama muuzaji ni mwizi au ni mwaminifu. Ramani ya njia ni mizani ya kituoni. Iwapo, mwaminifu hapungukiwi na kitu, na mdanganyifu hupunguzwa nguvu. Na kuna watu ambao kwao kuuliza kwenyewe ni kazi nzito: kiziwi, Mkuria wa Kehancha asiyejua Kijaluo, mfanyabiashara aliyevuka mpaka kutoka Sirare jana, na msichana ambaye, jua likizama, haoni vyema kumtangazia kila mtu kituoni kwamba hajui aendako.

Tatizo hili la msafiri lilikwisha kuwasumbua watu wa miji mikubwa kabla yetu, na yafaa tuone walivyolitatua, mahali walipofaulu na mahali walipokosea. London ilianza kuwa na reli ya chini ya ardhi mwaka 1863. Njia zilipoongezeka, ramani zake zilifuata kila kona ya ardhi, na matokeo yake ni kwamba vituo vya katikati ya mji vilisongamana hata visisomeke, na vile vya pembezoni vilitawanyika mbali mbali. Mwaka 1931 Harry Beck, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya mitambo, alitambua jambo lililokuwa wazi kwa kila abiria. Mtu aliye chini ya ardhi haoni kona wala kilima. Ataka kujua mambo matatu tu: apande njia gani, abadilishe wapi, na ashuke baada ya kituo kipi. Beck akainyosha mistari yote, ikawa ya wima, au ya kulala, au ya mshazari wa nyuzi 45. Akaipa kila njia rangi yake. Akaipanua sehemu ya katikati ya mji. Wakubwa waliikataa kazi yake mara ya kwanza. Ilipochapishwa kwa umma mwaka 1933, umma uliipenda mara moja, na michoro ya njia katika miji mingi ya dunia imeifuata hata leo.

Lakini aigaye bila ya kupima huiga hata makosa. Mwaka 1972 mji wa New York ulitoa ramani ya reli zake iliyosanifiwa na Massimo Vignelli. Ilikuwa nzuri kwa macho, nadhifu na yenye mistari iliyonyoka. Lakini bustani kubwa ya katikati ya mji, ambayo kwa kweli ni ndefu na nyembamba, ilichorwa karibu mraba, na maji hayakupakwa rangi ya buluu. Abiria wakalalamika kwamba walipotoka kituoni hawakuuona mji walioahidiwa na karatasi, na mwaka 1979 ramani nyingine iliyoukaribia zaidi uso wa nchi ikachukua mahali pake. London nayo ilipata funzo lake mwaka 2009, ilipouondoa mto Thames katika ramani. Watu walipiga kelele, na kabla ya mwaka kwisha mto ukarudishwa. Treni hazisafiri mtoni. Lakini mtu hujitambua yuko wapi kwa maji. Sisi tukaao kando ya ziwa tulijue hilo kuliko wao.

Najua hoja itakayofuata. Wataniambia: “Hiyo ni miji ya reli. Reli haihami. Matatu zetu hazina utaratibu. Leo zapita hapa, kesho zapita kule. Nani awezaye kuchora upepo?” Hoja hii ilikwisha kujibiwa, tena katika Kenya yetu. Kuanzia mwaka 2012 wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, walipanda matatu za Nairobi wakiwa na simu mikononi, wakaandika kila kituo na kila njia. Waliyoyaona yaliwashangaza wale waliodhani kwamba hakuna utaratibu. Utaratibu ulikuwapo, zaidi ya njia 130, ila ulikuwa haujaandikwa na mtu. Mwaka 2014 wakatoa ramani yenye rangi, iliyochorwa kwa mfano wa ramani za reli za chini ya ardhi, na mwaka uliofuata habari zao zikaingizwa katika ramani za Google. Basi upepo ulichorika. Ikiwa Nairobi, yenye mamia ya magari katika barabara moja, iliweza kuchorwa, ni aibu kusema kwamba Migori na Homa Bay haziwezi.

Hebu tujaribu hapa hapa, kwa maneno tu. Uti wa mgongo wa ramani yetu ni barabara kuu itokayo Isebania, mpakani mwa Tanzania, ikapita Migori, Awendo na Rongo, ikaingia Kisii, ikaja Oyugis, ikaendelea hata Kisumu. Rongo latoka tawi liendalo Rodi Kopany na Homa Bay. Rodi kwenyewe latoka tawi la pili, liendalo Ndhiwa na kuishia Sori, kando ya maji. Homa Bay njia hugawanyika tena: moja yaenda Kendu Bay, nyingine yaenda Mbita, na kutoka Mbita daraja lafika kisiwa cha Rusinga. Mjini Migori latoka tawi liendalo Muhuru Bay. Mwanafunzi mwenye kalamu nne za rangi aweza kuyachora haya kabla kengele ya somo haijalia. Na kama mchoro huo ungalikuwa umepakwa ubaoni pale Rodi siku ile ya safari yangu, ningaliona mara moja kwamba Ndhiwa na Rongo ni matawi mawili yanayoachana, wala nisingalihitaji hisani ya mtu yeyote.

Sasa nije kwenye usanifu wenyewe, kwa maana ramani mbaya ni hatari kuliko kukosa ramani. Sharti la kwanza ni kwamba ziwa lisiondolewe. Ziwa Victoria, ambalo wenyeji huliita Nam Lolwe, kwetu si pambo la pembeni, ni njia. Mbita kuna kivuko kiendacho Luanda Kotieno, upande wa Siaya, na kuna mashua ziendazo Mfangano. Itazame ramani ya barabara, utaona kwamba mtu wa Mbita atakaye kwenda Luanda Kotieno ana safari ya kulizunguka ghuba la Winam lote, apite Homa Bay, Kendu Bay na Kisumu, kisha arudi magharibi. Ramani ya mhandisi yasema mahali hapo pawili ni mbali. Mtu wa kivukoni ajua kwamba ni majirani. Ramani inayoishia ufukweni ni ramani ya mtu ambaye hajapata kupanda mashua.

Sharti la pili ni saa. Beck aliweza kuzichora nafasi za vituo karibu sawasawa, kwa sababu treni hupita mara kwa mara, na kosa la abiria humgharimu dakika chache. Kwetu kosa hugharimu siku. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Na mchoraji atakayechora kipande cha lami na kipande cha udongo mweusi kwa urefu mmoja, bila ya neno, amekuwa mwongo huyo. Mistari na inyoshwe, lakini juu ya kila kipande iandikwe tarakimu ya muda, mmoja wa kiangazi na mwingine wa masika. Njia ya lami ichorwe mstari mzima, na ya udongo ichorwe mstari wa nukta. Penye gari la asubuhi tu, au mashua ya mwisho ya jioni, saa yake iandikwe wazi. Nauli isiandikwe kwa rangi, kwa sababu hupanda na kushuka kwa mafuta na kwa siku za soko. Iandikwe kwa chaki katika ubao mdogo ulio kando, na siku iliyoandikwa itajwe.

Sharti la tatu ni kwamba ramani isiogope mipaka ya utawala. Rodi Kopany iko katika Kaunti ya Homa Bay, na Rongo iko katika Kaunti ya Migori. Oyugis ni ya Homa Bay, lakini atokaye Migori kwa barabara kuu haifiki ila apite Kisii, katika kaunti ya tatu. Ikiwa kila serikali itachora njia zake na kuzikata mpakani kama mtu akataye kamba, tutakuwa na ramani mbili nzuri zisizomfikisha mtu popote. Kabla nchi haijagawanywa hivi, sehemu hizi mbili zilikuwa katika wilaya moja ya Nyanza Kusini, na makao yake makuu yalikuwa Homa Bay. Mipaka imebadilika, lakini njia panda ya Rodi haikuhama. Ramani na iwe moja, na gharama yake igawanywe.

Nani basi aichore? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya usafiri wa umma wa barabarani, pamoja na vivuko na bandari. Kwa hiyo hatuombi sadaka. Twadai kazi iliyokwisha kugawiwa. Wala kazi hiyo haihitaji mgeni wa kulipwa pesa nyingi. Yahitaji mbao, rangi, fundi wa kuandika vibao, na vijana kadhaa wa kupanda magari kwa mwezi mmoja, daftari mkononi. Thimlich Ohinga, ngome ya kuta za mawe iliyomo Migori, iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Dunia nzima imeambiwa ije kuitazama. Nimesimama katika vituo vingi vya huku, wala sijaona kibao kimwambiacho mtoto wa shule ya jirani apande gari lipi ili akaione.

Mwisho watasema kwamba ramani imo katika simu. Lakini simu huonyesha barabara, na barabara si gari. Barabara ipo usiku na mchana. Gari huondoka saa 12 asubuhi likarudi kesho. Zaidi ya hayo, simu huzimika, bando huisha, na mwanafunzi wa bweni hukatazwa kuwa nayo. Ubao hauzimiki, na haumwulizi mtu kama ana pesa kabla ya kumjibu. Simu ina kazi yake, na aliye nayo na aitumie. Lakini haki ya wote haiwezi kuachwa katika mfuko wa baadhi.

Nimewaandikia nyinyi, vijana wa shule, kwa sababu nyinyi ndio msafirio mwanzo na mwisho wa kila muhula, na masanduku yenu ndiyo yapandishwayo juu ya magari kabla ya maswali yenu kujibiwa. Mnapofunga shule safari hii, chukueni karatasi. Andikeni kila kituo mlichopita, kila mahali mlipobadilisha gari, na muda uliopita baina ya kituo na kituo. Mrudipo, ziunganisheni karatasi za darasa zima. Mtakuwa na ramani. Ibandikeni penye lango la shule, ili wanafunzi wapya wa mwaka ujao waione. Kisha pelekeni nakala katika ofisi ya kaunti, mkaulize kwa adabu kwa nini ya kwao haijaonekana. Kuuliza huko ndiko nisikokuonea haya. Yule mtoto atakayesimama Rodi Kopany muhula ujao, sanduku mkononi, hatawajua kwa majina. Lakini ataukazia ubao macho, atamwambia utingo, “Hapana, mimi naenda Rongo,” naye ataliingia gari lake mwenyewe.